Kufuli la Saa Sita

Waliomfahamu Gatakaa katika mtaa wa Wabera walimfahamu kwanza kwa macho yake. Hakuwa mtu wa kukutazama usoni unapomwendea. Macho yake yalianza chini, penye nyayo zako, yakatambaa kidogo mavumbini kana kwamba yanatafuta kitu kilichodondoka, na yalipokiona ndipo yalipopanda, naye akatabasamu na kukuuliza habari za nyumbani. Wageni walidhani ni haya ya mwanamke aliyelelewa na wamisheni. Majirani walijua kwamba alikuwa akitafuta kivuli.

Hakuzaliwa na desturi hiyo. Alipofika Isiolo mwaka wa sabini na moja, bibi arusi kutoka ubavuni mwa mlima, alikuwa akiwatazama watu usoni kama sisi sote. Mumewe, Murithi, alikuwa mchanjaji wa mifugo, mtu wa kwenda Kinna na Garbatulla na masanduku ya dawa, na siku za Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Gatakaa alikuja na cherehani, na kitabu cha nyimbo, na mazoea ya kuamka mapema ili autazame mlima upande wa kusini kabla mawingu hayajaufunika. Alisema ukiuona mlima asubuhi, unajua kwenu bado kupo.

Mfereji wa maji wa mtaa ulisimama nje tu ya ua wake. Ulijengewa kijumba cha mabati chenye mlango wa chuma na kufuli kubwa, kwa maana ukiachwa wazi mbuzi waliulamba na watoto wakauharibu. Karani wa maji alipotafuta mtu wa kushika ufunguo, wanawake walimtaja Gatakaa kwa sauti moja.

“Mpe huyu,” alisema Batula, jirani yake Mborana, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala. “Huyu nasoma. Halafu hana dada hapa, hana shangazi, hana mtu ya kupendelea. Sisi tukipewa hiyo ufunguo, maji itaisha kwa harusi.”

Wakacheka, na Gatakaa akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake. Tangu siku hiyo alifungua alfajiri na alifungua jioni, na kati ya hapo alimfungulia yeyote aliyegonga. Mlango ule wa chuma uligongwa kwa jiwe dogo lililoachwa pale makusudi: ngo, ngo, ngo. Akisikia, huacha cherehani na kutoka. Hakuwa na haja ya kufikiri. Mtu ana kiu, ufunguo uko kwenye leso, basi.

Mambo yaligeuka siku ambayo mume wa Batula alirudi salama kutoka Garbatulla na kuchinja mbuzi. Kathambi, mtoto wa pekee wa Gatakaa, aliyepatikana baada ya miaka ya kungoja na machozi mengi, alikuwa bado ananyonya. Gatakaa alikwenda naye mgongoni kusaidia kukata vitunguu.

Kati ya wageni alikuwapo Mzee Jarso, mchunga ngamia wa zamani aliyejua kusoma matumbo. Desturi hiyo ni ya kale kwa Waborana. Mbuzi akishapasuliwa, utumbo wake hutandazwa juu ya ngozi, na mjuzi huifuata mishipa yake midogo kwa ncha ya kidole, hapa akaona mvua, pale akaona wezi wa ngamia. Shehe aliikataza, na kanisa nalo liliikataza. Lakini ngozi ikishatandazwa, macho ya watu huenda yenyewe.

Mzee Jarso alisoma habari za malisho, akasoma habari za njia. Kisha kidole chake kikasimama. Nzi wakaanza kutua juu ya mkono wake bila yeye kuwafukuza. Alipoinua kichwa hakumtazama mwenye mbuzi. Alimtazama Gatakaa, pale penye vitunguu.

“Wewe, mama ya ufunguo,” alisema. “Mimi naona chuma inafunguka. Jua iko juu, imesimama. Naona mtu mbele ya hiyo chuma, na huyo mtu hana kivuli. Mkono yenye inafungua ni yako.” Akainama tena. “Halafu mtoto anatoka kwa mkono ya mama.”

“Mzee, kula nyama, wacha kutisha wageni,” Batula akamwambia. “Huyu ni mtu ya kanisa. Tumbo ya mbuzi haijui yeye.”

Watu walicheka kidogo, na mazungumzo yakarudi kwa ngamia. Gatakaa naye alicheka. Lakini mkono wake ulikuwa umekwenda mgongoni, ukaushika mguu wa Kathambi, na haukuuachia mpaka alipofika nyumbani.

Jioni alimweleza mumewe, kwa sauti ya mzaha. Murithi hakucheka.

“Unaamini?”

“Siamini. Nimebatizwa mimi.”

“Vyema. Basi kesho saa sita mtu akigonga, utafungua?”

Gatakaa aliinama akamfunika mtoto. Murithi akaweka kikombe chini.

“Mama Kathambi, nikuambie neno moja. Hata kama yule mbuzi alisema kweli, hakukuamuru. Mungu mwenyewe, aliye na haki ya kutuburuta, hatuburuti. Huja mlangoni akabisha, akangoja. Je, mbuzi apewe mamlaka ambayo Mungu amejinyima?”

Neno lilimwingia, akalikubali. Na kesho yake, jua lilipofika utosini, akagundua kwamba ana nguo ya haraka ya kushona.

Ndivyo ilivyoanza, bila uamuzi wowote. Leo nguo, kesho maumivu ya kichwa, keshokutwa usingizi wa mtoto. Kabla mwaka haujaisha mtaa mzima ulijua kwamba mfereji haufunguliwi tangu saa sita mpaka jua lipinduke. Alisema ni kwa ajili ya kutunza maji, na kwa kuwa maneno hayo yana busara ndani yake, watu waliyakubali. Hata yeye aliyakubali. Kanisani alisimama akashuhudia kwamba haogopi uganga wala uaguzi, naye alikuwa akisema kwa moyo mweupe. Ila alianza kuwatazama watu miguuni.

Anayeujua mchana wa Isiolo hatamshangaa sana. Huko juu mlimani mchana ni mchana tu. Hapa, wakati wa kiangazi, saa sita ina kimya chake. Upepo uliovuma tangu asubuhi hukatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Mbwa hujibana kwenye kuta. Ndege hunyamaza. Vivuli hukusanyika chini ya vitu, vikaingia chini ya mawe na chini ya miguu ya punda, na katika mwezi wa tatu na wa tisa hutoweka kabisa. Batula aliwahi kumwambia kwamba wao hata sala hawasali wakati jua limesimama utosini. Hungoja lipinduke kwanza.

“Kwa nini?” Gatakaa aliuliza.

“Ni saa mbaya. Dunia inakuwa kama haina mwenyewe.”

Katika kimya hicho mfereji ulianza kusema. Maji yalipopungua mferejini, hewa iliingia, na bomba likavuta pumzi ndefu chini ya ardhi, likaishikilia, likaitoa. Mlango wa chuma nao ulipanuka kwa joto ukagonga: ngo, ngo, ngo. Mwanzoni Gatakaa alichungulia dirishani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kijumba kikiwaka jua, na lile jiwe dogo chini, mahali pake. Siku nyingine jiwe lilikuwa juu ya kizingiti, naye hakukumbuka kama ameliacha hapo. Baadaye hakuchungulia tena. Aliharakisha gurudumu la cherehani ili asisikie, na Kathambi, aliyekuwa akikua, alijifunza kwamba saa hiyo mama hasemeshwi.

Murithi aliona, lakini alikuwa mtu wa safari. Siku moja alimkuta mkewe ameketi mbele ya kitambaa ambacho hakijashonwa hata mshono mmoja, sindano inapanda na kushuka bila uzi.

“Unashona nini, mama?”

“Nashona,” alijibu, wala hakuacha.

Mwaka wa themanini na nne mvua za masika hazikuja. Ng'ombe walikufa njiani na mizoga ikapangana hadi malango ya mji. Watu walishuka kutoka mashariki kwa miguu, wakala mahindi ya manjano ya msaada, na wengine hawakufika penye mahindi. Maji ya mfereji yakawa yanakuja kwa vipindi. Gatakaa alifungua alfajiri na jioni kwa haki, akawapigania wajane na wageni. Saa sita alifunga, akaingia ndani.

Siku moja ya mwezi wa tisa, katika juma lile ambalo vivuli hutoweka, Kathambi alishikwa na homa. Murithi alikuwa Kinna. Mganga wa zahanati alimpa mtoto vidonge akasema alale, homa itashuka, na Gatakaa akaketi kando ya kitanda na kitambaa kibichi. Jua likasimama. Upepo ukakatika.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alifumba macho. Zilikuwa sauti zile zile alizozisikia miaka yote, ila polepole zaidi, kama zinazogongwa na mtu aliyeketi chini. Zikaja tena, kisha zikafifia. Kisha pakawa na mkwaruzo mrefu juu ya chuma, kutoka juu kwenda chini, kama kucha. Akaziba masikio ya mtoto, si yake. Jua lilipopinduka alitoka. Hapakuwa na mtu. Vumbi mbele ya mlango lilikuwa limefagiliwafagiliwa, na jiwe halikuonekana.

Alimwambia Batula.

“Ni mtu,” Batula alisema.

“Ni bomba.”

“Bomba inabeba mawe? Mama Kathambi, wewe nasoma Biblia, lakini nakuona unatii tumbo ya mbuzi kuliko mimi. Kwetu maji hainyimwi mtu. Hata adui anakunywa kwanza, halafu mnapigana.”

Gatakaa alikasirika akamwambia aangalie mambo ya nyumba yake. Walikuwa hawajawahi kuachana hivyo.

Kesho yake homa ya Kathambi ilipanda. Mtoto aliongea maneno yasiyo na mwanzo, akamwita babu yake aliyekwisha kufa. Saa sita ikakaribia, na Gatakaa akavisikia vitu vikinyamaza kimoja kimoja: upepo, kuku, redio ya jirani. Bomba likavuta pumzi chini ya ardhi.

Ngo, ngo, ngo.

Akasimama. Akaenda mpaka mlangoni mwa nyumba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akautazama mfereji wakati wa saa sita.

Palikuwa na mtu. Mwanamume mrefu, amekauka kama mti, amevaa shuka lililokuwa jeupe. Mgongoni alikuwa amefunga kitu kidogo kisichotikisika. Hakuita wala hakugeuka. Gatakaa alitazama miguu yake, na chini ya miguu ile hapakuwa na kitu, ila vumbi jeupe linalong'aa pande zote.

Nyuma yake Kathambi aliguna kitandani.

Hapo ndipo alipoomba sala ambayo baadaye hakuona haya kuisimulia. Hakuomba nguvu. Aliomba aondolewe uchaguzi. “Bwana, mfanye aende zake. Au uufungue wewe.” Akangoja. Yule mtu hakwenda zake, na kufuli halikufunguka. Kimya kilikuwa kizito hata akasikia damu yake masikioni. Lakini kadiri alivyosimama ndani ya kimya hicho, ndivyo alivyotambua kwamba hakikuwa kitupu. Kilikuwa kama kimya cha mzazi aliyeuliza swali na anajua kwamba mtoto analo jibu. Hakuna aliyekuwa anamshika mkono. Hakuna aliyewahi kumshika mkono, si mbuzi, si mzee. Saa sita zote za miaka ile alikuwa amekaa ndani kwa miguu yake mwenyewe.

Akatoka juani. Katikati ya ua alitazama chini kwa mazoea, akatafuta kivuli chake, asikione. Yeye pia hakuwa nacho. Alisimama kidogo hapo, kisha akaendelea kutembea huku akifungua pindo la leso.

Kufuli liliunguza vidole. Mlango ulilia. Aligeuza mfereji, nao ukatoa pumzi tu, pumzi ndefu yenye harufu ya kutu, mpaka alipodhani kwamba amechelewa. Kisha yakaja maji, mekundu kwanza, halafu safi.

Mgeni hakunywa. Alikiteremsha kile kilichokuwa mgongoni, na kikawa mtoto wa kike, mdogo, midomo imepasuka. Gatakaa alimwekea maji kinywani kwa ncha ya leso, tone baada ya tone, mpaka koo likasogea. Ndipo baba naye akapiga magoti akanywa kwa viganja.

“Jina yake Tiya,” alisema alipopata sauti. “Mimi Arero. Tumetoka mbali huko Garbatulla.”

“Mbona hukuita, baba? Ungeita ningesikia.”

“Jana tulijaribu kuita, sauti haikutoka. Mama yake ndiye aligonga. Mimi nilikuwa nimelala pale kwa ukuta, siwezi kusimama. Yeye alikuwa na nguvu kuliko mimi. Aligonga mpaka akakaa chini, akagonga akiwa amekaa.” Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. “Tukafikiri hapa hakuna watu. Tukaenda kutafuta mto, tukakuta imekauka. Asubuhi nimetoa mtoto kwa mkono yake, imekuwa baridi. Vidole ilikuwa imeshika sana.”

Akafungua ncha ya shuka na kuweka kitu juu ya kizingiti. Lilikuwa lile jiwe dogo. “Alikuwa amebeba hii. Sijui kwa nini.”

Gatakaa hakulia wakati ule. Alimwita Batula, naye akaja mbio, akamkuta jirani yake amekaa chini ya mfereji na mtoto mapajani, maji yakimwagika juu ya wote wawili bila mtu kuyafunga.  Batula alifunga mfereji, akamchukua mtoto, akampeleka kwake penye maziwa ya mbuzi. Jioni homa ya Kathambi ilishuka kwa vile vidonge, kama mganga wa zahanati alivyosema itashuka.

Baada ya mvua kurudi, Gatakaa alimtafuta Mzee Jarso. Alimkuta amekaa nje ya duka la chai, macho yamekwisha kuingia ukungu. Alimweleza yote, na mwisho akamwuliza kwa nini alimtia hofu ile.

Mzee aligeuza uso upande wa sauti yake.

“Mimi nilisema kitu niliona,” alijibu. “Niliona mkono inafungua. Nilisema usifungue?”

“Hukusema.”

“Ee. Kufunga, mama, ulifunga mwenyewe.”

Akarudi nyumbani akamwambia Murithi kwamba yale ambayo hakuyashika kwake yeye, mzee wa kanisa, ameyapata kwa msoma matumbo. Murithi hakumkemea. Alisema tu kwamba msamaha upo, na kesho saa sita pia ipo.

Arero alikwenda kutafuta kazi ya kuchunga mifugo na alikuwa akija kila baada ya mvua. Tiya alilelewa kwa Batula, akasoma chuo cha Kurani asubuhi na kula nyumba zote mbili. Gatakaa hakuacha kutazama watu miguuni, maana macho yaliyozoea hayafundishiki upya. Lakini saa sita ilipofika aliacha cherehani. Kama kulikuwa na watu, aliwafungulia. Kama hakukuwa na watu na chuma kikagonga, alifungua vilevile, akajaza kikombe cha bati, akakiweka juu ya kizingiti kando ya lile jiwe, na kusimama kidogo juani. Wengine walinong'ona kwamba mama wa kanisa ameanza kutambika. Alipoulizwa alisema yeye si mtambikaji. Mtu akigonga hufunguliwa, na yeye hana sikio la kutofautisha mtu na bomba. Aliwahi kujidai analo.

Murithi alimwuliza kama kikombe kile kiliwahi kukutwa kimepungua. “Jua hunywa,” alijibu.

Siku moja mwishoni mwa miaka ile ya themanini, katika mwezi wa tisa, Tiya alikuwa ameketi sakafuni kwa Gatakaa akiokota vipande vya vitambaa. Alikuwa msichana mkubwa kidogo sasa, wa kubeba debe dogo kichwani. Nje upepo ulikatika. Gatakaa alisikia zile ngo tatu, polepole, kama zinazogongwa na mtu aliyeketi chini. Hakushtuka. Tangu mwaka wa ukame hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzisikia, si Kathambi, si Batula, naye alikuwa amekwisha kukubali kwamba ni zake peke yake.

Tiya aliinua kichwa.

“Mama Kathambi,” alisema, “kuna mtu.”

Gatakaa alimtazama usoni moja kwa moja, bila kuanzia chini.

“Unataka nikuache hapa, niende mwenyewe?”

Mtoto aliweka vitambaa chini. Bomba lilivuta pumzi likaishikilia.

“Hapana,” alisema. “Nipe mimi ufunguo.”

Gatakaa akaufungua kutoka pindo la leso, akamwekea kiganjani, akamfuata nyuma juani. Vumbi lilikuwa jeupe pande zote, na wote wawili walitembea juu yake bila vivuli, mpaka mlango wa chuma ukalia na sauti ndogo ya Tiya ikasikika ikisema, “Karibu.”